Nilijifunza kukabidhi uongozi ughaibuni, nikasahau nyumbani

KWA siku tatu ufunguo wa sanduku la kikundi chetu ulikuwa mfukoni mwangu, kando ya barabara ya Kigoma kuelekea Manyovu, na sanduku lenyewe lilikuwa Mabanda, upande wa pili wa mpaka. Nilikuwa nimekwenda kununua bidhaa kama kawaida. Lori tulilopakia mzigo likakatika ekseli, tukalala hapo hapo tukilinda mali. Usiku wa kwanza simu ikalia. Alikuwa katibu wetu.

"Kaka, mtoto wa mama muuza mawese amelazwa. Anaomba pesa ya mfuko wa jamii. Funguo mbili tunazo hapa. Wa tatu unao wewe."

Wafanyabiashara wenzangu wa mpakani hawahitaji maelezo marefu kuhusu sanduku hilo, lakini kwa msomaji asiyelijua: ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na kila kufuli lina ufunguo wake kwa mtu wake. Utaratibu huo wa vikundi vya kuweka na kukopa ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, ukaenea hadi huku kwetu. Kanuni inasema funguo zishikwe na wanachama watatu wa kawaida, wasio viongozi. Nasi tulianza hivyo. Kisha mmoja wa washika funguo akahamia Nyanza-Lac, na mimi mwenyekiti nikauchukua ufunguo wake "kwa muda". Muda huo ulikuwa umefika miaka miwili.

Mama yule alikopa kwa mwenye duka kwa riba iliyokula nusu ya mtaji wake wa mawese. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Niliporudi hakuna aliyenilaumu. Walinipa pole kwa safari, wakaniuliza habari za bei za Kigoma. Afadhali wangenitukana.

Sikuwa na haki ya kusema sikujua. Miaka mingi kabla ya hapo, katika mji mmoja wa jimbo la Texas nchini Marekani, nilikuwa nimekaa upande wa pili wa kosa hilo hilo. Nilimwona mwenzangu akipoteza mwaka mzima wa maisha yake kwa sababu kiongozi aliyeondoka aliondoka na ufunguo. Ufunguo wenyewe haukuwa wa chuma, ulikuwa neno la siri la baruapepe, lakini hasara ilikuwa ile ile.

Barua niliyodhani ni ya matapeli

Wazazi wangu walikimbia Burundi mwaka 1972, wakaingia Kongo. Mimi nilizaliwa huko, upande wa Uvira. Vita vya 1996 vikatufukuza tena, tukavuka ziwa hadi Kigoma, tukawa watu wa kambini. Mwaka 2007 Marekani ilipoanza kuchukua maelfu ya wakimbizi ambao kwenye fomu waliitwa "Warundi wa 1972", jina la familia yetu lilikuwamo. Wengi wanaosoma ukurasa huu wanaijua safari hiyo, au wanaye ndugu aliyeifanya, kwa hiyo nairuka.

Huko nilifanya kazi za usiku katika bohari, nikipanga maboksi. Mwaka 2009 nikajiandikisha katika chuo cha miaka miwili. Wamarekani wana vyuo vingi vya namna hiyo, vya watu wa eneo lenyewe. Ada yake ni nafuu kuliko ya chuo kikuu, darasani unakaa na kijana wa miaka 18 kushoto na bibi mwenye wajukuu kulia, na ukimaliza miaka miwili unaweza kuhamia chuo kikuu ukaendelea na mwaka wa tatu.

Mwanzoni mwa mwaka 2010 nikapata barua. Ilinipongeza kwa alama zangu, ikanialika kujiunga na Phi Theta Kappa, na mwisho ikataja kiingilio. Msomaji, mtu aliyekulia kambini akiona barua inayompongeza halafu inamwomba pesa, hafikirii heshima. Anafikiria matapeli. Niliiweka chini ya godoro wiki mbili. Hatimaye nikampelekea mwalimu wangu wa Kiingereza, naye akacheka mpaka akatoa miwani, maana yeye ndiye alikuwa mlezi wa tawi la chama hicho pale chuoni.

Vyama vya namna hiyo huko huitwa vyama vya heshima. Huombi kuingia kwa sababu unamjua fulani. Unaalikwa kwa sababu ya alama zako. Phi Theta Kappa ni cha vyuo vya miaka miwili. Kilianzishwa mwaka 1918 katika jimbo la Missouri na wakuu wa vyuo vya wasichana, na mwaka 1929 umoja wa vyuo hivyo vya miaka miwili ukakitambua rasmi. Kwa kawaida sharti ni wastani wa alama 3.5 kati ya 4, baada ya masomo yenye uzito usiopungua krediti 12. Mwanachama hupata nafasi ya kugombea misaada ya masomo anapohamia chuo kikuu, na hiyo kwa maskini ndiyo nyama yenyewe. Mishumaa na vyeti ni mchuzi tu.

Tukapokewa kwa sherehe, nikawasha mshumaa wangu, nikapigwa picha. Mwezi Mei mwalimu yule akastaafu. Mwezi huo huo rais wa tawi akahitimu, akahamia chuo kikuu cha jimbo jingine.

Rais na mlezi waliondoka mwezi mmoja. Hapo ndipo mkasa unapoanzia.

Kabati

Agosti 2010 mlezi mpya, mwalimu wa hesabu, aliwaita wanachama waliobaki. Tulifika watu saba. Akauliza nani atakuwa rais, watu wakatazama viatu vyao. Nilichaguliwa kwa kura saba, na moja ilikuwa yangu.

Jioni ile nilimpigia baba mkubwa, aliyekuwa amesharudi Nyanza-Lac kutoka kambini.

"Baba, nimechaguliwa kuwa rais."

"Rais wa nini?"

"Wa tawi la chama cha wanachuo."

"Una askari?"

"Sina, baba."

"Una gari?"

"Sina."

"Basi wewe ni mwenyekiti. Hongera, mwanangu."

Kesho yake tulifungua kabati la tawi. Tulikuta mishumaa iliyoungua nusu, kitambaa cha rangi ya bluu na dhahabu, nyundo ndogo ya mbao ya kugonga mezani, fulana 41 zilizobaki kwenye mauzo ya mwaka uliopita, na risiti ya piza. Basi. Hapakuwa na orodha ya wanachama, wala muhtasari hata mmoja wa kikao. Hatukujua tawi lina fedha kiasi gani. Fedha zilikaa katika akaunti inayosimamiwa na chuo, na kila hati ya malipo ilitaka saini mbili, ya rais na ya mlezi. Majina yaliyoandikwa pale yalikuwa ya watu wawili walioondoka.

Yote mengine yalikuwa ndani ya kompyuta ya rais aliyepita, na ndani ya kichwa chake. Alijibu ujumbe wetu mara mbili, kwa upole kabisa, akiahidi kutafuta. Kisha namba yake haikupatikana tena. Simlaumu sana. Alikuwa kijana wa miaka 20, amefika mji mgeni, ana masomo mapya na kazi mpya. Hakuna aliyemwambia akabidhi, na hakuna aliyekuwepo kupokea. Kabla ya kuondoka alikuwa amelifanyia tawi kazi nzuri, hata picha ukutani zilionyesha. Ila kazi yake yote aliibeba mwenyewe, na mtu anayebeba kila kitu mwenyewe akiondoka anakwenda nacho.

Baruapepe ya tawi ilifunguka katikati ya Januari 2011, baada ya mlezi kubembeleza ofisi tatu. Barua ambazo hazijasomwa zilizidi mia. Tulikaa wanne, tunasoma moja baada ya nyingine, na moja kati ya hizo ilikumbusha kwamba majina ya wanaopendekezwa kwa msaada fulani wa masomo yalipaswa kufika mwanzoni mwa Desemba.

Miongoni mwetu wanne alikuwamo kijana aliyetaka kwenda kusomea uuguzi chuo kikuu. Alama zake zilikuwa juu kuliko za sisi sote. Mchana alikuwa darasani, usiku anaosha vyombo hotelini. Aliisoma barua ile mara mbili, akauliza tarehe ya siku hiyo ingawa ilikuwa imeandikwa ubaoni. Kisha akasema, "Haya, tuendelee na nyingine." Alikaa mwaka mzima akiosha vyombo kabla ya kuhamia chuo kikuu. Labda asingeupata msaada ule. Wanaoshindania ni wengi. Lakini hata jina lake halikupelekwa.

Hati zilizofungwa wakati wa vita

Mlezi wetu mpya alifundisha hesabu lakini alipenda historia, na jioni ile, badala ya kutupa pole, alitupa kisa. Baadaye nilikisoma mwenyewe maktabani, nikakipenda, labda kwa sababu ni kisa cha watu waliokimbia vita.

Chama cha kwanza cha wanachuo wa namna hii kilianzishwa tarehe 5 Desemba 1776 katika chuo cha William and Mary, mjini Williamsburg, Virginia. Waliokianzisha walikuwa wanafunzi, na wakakiita Phi Beta Kappa. Marekani ilikuwa imejitangazia uhuru miezi mitano tu kabla, na vita na Waingereza vilikuwa vikiendelea. Mwezi Desemba 1779 vijana wale walifanya jambo ambalo huenda kwao lilikuwa dogo: walitoa hati za kufungua matawi mengine mawili kaskazini, moja katika chuo cha Yale na jingine Harvard, wakampa mwenzao aliyekuwa akirudi huko azipeleke.

Januari 1781 majeshi ya Uingereza yalikuwa yameingia Virginia. Chuo kikasimama. Wanachama wachache waliosalia wakakutana kwa mara ya mwisho, wakazifunga karatasi za chama, wakatia lakiri, wakamkabidhi msimamizi wa mali za chuo, kwa matumaini kwamba siku moja chama kitafufuka. Wakatawanyika. Tawi lile mama lilikaa kimya kwa miaka 70 hivi, likafufuliwa mwaka 1851. Lakini chama hakikufa, kwa sababu Yale walikuwa wameshafungua tawi lao Novemba 1780, na Harvard wakafungua la kwao Septemba 1781.

"Mnaona walichofanya?" mlezi akauliza. Tukasema walificha karatasi. Akatikisa kichwa. Kuficha karatasi ni jambo la siku ya mwisho, alisema, na la siku ya mwisho kila mtu hulifanya, hata mwizi. Walichofanya cha maana ni kwamba walikabidhi mwaka mmoja kabla ya kulazimika, wakati bado wanakipenda chama na bado kiko mikononi mwao.

Nilimfikiria marehemu babu, aliyevuka mto mwaka 1972 na hati ya shamba imeshonwa ndani ya koti. Hati ilifika Kongo salama. Ila babu hakumwonyesha mtu mipaka ya shamba lenyewe iko wapi, mti gani, jiwe gani. Alifikiri atarudi mwenyewe. Waliorejea Nyanza-Lac na Rumonge baadaye wakakuta watu wengine wamelima pale wanajua kesi za namna hiyo zilivyo ndefu.

Mlezi akasema, "Tuko Januari. Ninyi mnahitimu Mei. Tunaanza kukabidhi leo."

Kukaa nyuma ya kiti

Chuo cha miaka miwili kina taabu moja. Mwaka wa kwanza mwanafunzi anatafuta alama za kumwezesha kualikwa. Akishaalikwa anabaki na mwaka mmoja, na katika mwaka huo anatakiwa ajue chama, akiongoze na akiache. Kwa hiyo kiongozi asiyeandaa mwingine tangu mwanzo hana tofauti na dereva anayelala safari ikiwa katikati.

Tuliyemwona anafaa kunirithi alikuwa mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Meksiko, aliyeanza kazi katika kiwanda cha mikate saa tisa za usiku na kuingia darasani saa tatu asubuhi akiwa na unga kwenye nyusi. Alikataa.

"Kiingereza changu hakitoshi."

"Na changu?" nikamwuliza.

Akacheka, akakubali kuwa makamu kuanzia Februari. Mlezi akaweka kanuni: kikao kimoja naongoza mimi, kinachofuata anaongoza yeye, nami nakaa nyuma ya kiti chake bila kusema neno. Kwenye karatasi ni rahisi. Mimi niliteseka. Anasahau ajenda, naijua, nimenyamaza. Mtu anauliza swali ambalo jibu lake ninalo mdomoni, yeye anafungua daftari polepole, anatafuta, watu wanasubiri, nimenyamaza. Kikao cha tatu alifanya jambo lililonichoma. Nilikuwa nimeanzisha darasa la Jumamosi la kuwafundisha wakimbizi wapya kusoma Kiingereza, na ndilo lililokuwa fahari yangu. Yeye akapendekeza lihamishiwe Jumatano jioni, wakapiga kura, likahama. Sababu zake zilikuwa nzuri: Jumamosi wakimbizi wenyewe wako kazini. Nilikuwa najua. Mahudhurio yalikuwa yanashuka tangu Novemba, nami sikuyaandika popote.

Baada ya kikao mlezi aliniita pembeni. "Umenyamaza kwa mdomo," aliniambia, "lakini uso wako umepiga kelele saa nzima. Kikao kijacho kaa mahali asipokuona."

Nikawa nakaa karibu na mlango.

Ukurasa wa tisa

Tuliandaa faili. Sitataja kila kilichokuwamo, maana mengi ni mambo ambayo kila katibu mwenye akili anayaweka: wanachama, mihutasari, hesabu, tarehe za barua muhimu za mwaka mzima. Neno la siri tuliliandika mara mbili, moja katika bahasha kwa mlezi, nyingine ofisini kwa wanafunzi. Majina ya saini tuliyabadilisha mwezi Aprili, kabla sijahitimu, ili yeye asaini hati moja nikiwa bado nipo na kama kuna tatizo tulione.

Ukurasa nilioona una faida kuliko tulivyotarajia ulikuwa wa watu. Haukuwa na vyeo. Uliandika kwamba mzee wa usafi wa zamu ya jioni ndiye anayeweza kukufungulia ukumbi ukisahau kuomba. Kwamba dada wa ofisi ya malipo hapokei hati baada ya saa tisa alasiri, lakini ukimsalimia asubuhi anaipokea. Kwamba mwalimu fulani husema hapana kila mara anapoombwa kwa barua, na ndiyo kila mara anapoombwa ana kwa ana. Mambo hayo yalinichukua miezi kuyajua, na yeyote angeniambia ningeokoa miezi hiyo.

Wa tisa ulikuwa ukurasa wa makosa. Mlezi ndiye aliyeutaka. Nilimwandikia mistari miwili ya jumla jumla: mawasiliano hayakuwa mazuri, muda ulikuwa mfupi. Akanirudishia. Nikaandika mitano. Akanirudishia tena.

"Fulana ziko wapi?" akauliza.

Fulana 41 zile nilikuwa nimeahidi kuziuza. Niliuza sita. Zaidi ya hapo nikaagiza nyingine 24 za rangi mpya, kwa kuamini tatizo lilikuwa rangi. Zikabaki. Nilikuwa nimezisogeza nyuma ya kabati, chini ya kitambaa cha bluu na dhahabu, bila hata kujiambia kwamba nazificha. Msomaji ambaye amewahi kuingiza vitenge visivyotoka anajua mkono unavyozunguka mzigo ule kila asubuhi bila kuugusa.

Niliandika fulana. Niliandika kwamba darasa la Jumamosi lilikuwa linakufa na sikusema. Niliandika kwamba barua ya Desemba tungeweza kuijua hata bila baruapepe, kama ningepanda basi kwenda chuo cha jirani kuwauliza wenzetu, na sikwenda kwa sababu niliona aibu kusema sijui kazi yangu. Hilo la mwisho liliniumiza mkono kuliandika, kwa sababu mpaka siku hiyo kosa lote lilikuwa la yule rais aliyepita.

Yakawa makosa tisa katika ukurasa wa tisa. Imetokea tu hivyo.

"Wamekuvua?"

Mei 2011 tukafanya makabidhiano. Mishumaa, vyeti, picha. Niliishika ile nyundo ya mbao, nikamkabidhi Senyora, kama tulivyozoea kumwita, akaigonga mezani mara moja. Watu wakapiga makofi. Dakika nzima haikupita.

Nikampigia baba mkubwa.

"Baba, leo nimemaliza urais. Nimemkabidhi mama mmoja."

Simu ikanyamaza kidogo. "Wamekuvua? Umekosa nini, mwanangu?"

"Sijakosa. Muda umekwisha. Kulikuwa na sherehe."

"Sherehe ya kukutoa?"

Nilimweleza mara tatu. Baba mkubwa ni mmoja wa Bashingantahe, wazee wanaoamua mashauri vilimani kwetu. Mtu akisimikwa katika heshima hiyo hasimikwi kwa mwaka. Ni mpaka afe, na asiye nayo tena ni yule aliyevuliwa kwa kosa. Fimbo ya mshingantahe haipokezwi kwa makofi. Ndiyo maana neno langu halikupata mahali pa kukaa kichwani mwake. Wala sisemi utaratibu wa wazee una kasoro. Hekima ya kuamua mashauri haina muhula. Tatizo ni kwamba sisi tumeuchukua ule mtindo wa fimbo tukaupeleka kwenye daftari la fedha, kwenye uenyekiti wa soko, kwenye ufunguo wa sanduku, na huko mtu akiambiwa apishe anasikia amevuliwa.

Nami nilisikia hivyo, tukisema kweli. Majira yale ya joto nilingoja Senyora anipigie kuniuliza kitu. Nilikuwa na majibu mengi. Hakupiga. Juni, Julai, Agosti, kimya. Niliudhika, nikajiambia wameniweka kando.

Oktoba akanitumia picha. Ulikuwa ule ukurasa wa tisa, umechafuka kwa vidole vya unga. Chini ya makosa yangu tisa alikuwa ameongeza matano ya kwake kwa wino mwekundu. La 12 lilisema: "Nimeagiza fulana."

Mabanda

Nilirudi Burundi mwaka 2019. Mama alikuwa amezeeka na alitaka azikwe kwao, na biashara ya mpakani niliijua tangu utotoni. Mwaka 2021 tukaanzisha kikundi, watu 24, wengi wao akina mama wa mawese, dagaa na unga wa muhogo. Wakanichagua mwenyekiti kwa sababu nimesoma. Mzunguko ukiisha tunagawana akiba, na kanuni inataka tuchague uongozi upya. Kila mwaka niliuliza nani anagombea, watu wakatazama viatu vyao kama wale saba wa Texas. "Kaka, usituache, tumekuzoea." Nami nikasikia sauti tamu, nikabaki. Ufunguo ukaja. Daftari likahamia nyumbani kwangu kwa sababu kwangu hakuvuji. Namba ya simu inayopokea pesa za wanachama walio safarini ikawa yangu.

Hakuna aliyeninyima nafasi ya kukabidhi. Nilikuwa na faili lote kichwani, tangu mwaka 2011, na sikulifungua.

Niliporudi na lori nilikwenda moja kwa moja kwa mama muuza mawese. Nilimkuta anapima mafuta kwenye chupa, mtoto amekaa pembeni anakula muhogo.

"Mama, nimekuja kuomba radhi."

"Ya nini tena, Kaka? Lori si lako, na barabara si yako."

"Ufunguo ulikuwa wangu. Na haukupaswa kuwa wangu."

Akaendelea kumimina mpaka chupa ikajaa. "Hilo kweli," akasema, akaifunga kizibo.

Jumamosi hii tunakutana. Ufunguo atauchukua yeye. Nilimwomba, akasema atafikiri, kesho yake akaja na uzi wa kuuvaa shingoni. Katibu wetu, binti wa miaka 26 anayehesabu haraka kuliko mimi, ameongoza vikao vitatu nikiwa nimekaa karibu na mlango. Uchaguzi ni mwezi ujao, na nimewaambia sigombei. Wawili walinifuata nyumbani usiku kuuliza kama nimeudhiwa na nani.

Daftari nimelirudisha. Laini ya simu tumesajili mpya kwa jina la katibu. Ukurasa wa makosa nimeuanza, umefika mstari wa sita. Wa saba ni magunia mawili ya unga wa muhogo niliyonunua kwa pesa za kikundi mwezi Machi bila kuuliza mtu, bei ikaanguka, yakaingia fukusi. Yako nyuma ya mlango wa stoo yangu, nimeyafunika turubai.